Ensuti ya Baba

Siku fundi alipompigia Mama simu kumweleza kwamba chumba chao cha kulala kitakuwa "masta ensuti", Mama alimshukuru, akakata simu, kisha akanipigia mimi Nairobi. Hakunisalimu.

"Hizo suti ni za nani?"

"Suti zipi, Mama?"

"Fundi anasema chumba changu kinawekewa kachumba kengine ka suti. Baba yako ana suti moja tu, ile ya harusi ya dada yako. Suti moja inajengewa chumba?"

Nilimweleza polepole kwamba si suti, ni choo na bafu, na vitakuwa humo humo chumbani, hatua nne kutoka kitandani. Simu ikanyamaza. Nilisikia kuku wake wawili wakigombana, nikasikia trekta likipita barabarani, kisha Mama akaniuliza kwa sauti ile anayowasemesha wagonjwa:

"Mwanangu, umekula leo?"

Kwa asiyepajua, Kiirua iko Buuri, Kaunti ya Meru, upande ule wa Mlima Kenya unaotazama Isiolo, ambako mvua hufika ikiwa imechoka. Upepo ndio haujachoka. Unashuka moja kwa moja kutoka kwa Batian, mita 5,199 juu ya bahari, na kituo chake cha kwanza ni choo chetu cha nje. Kutoka mlango wa jikoni hadi choo hicho ni hatua 60, nilizihesabu nikiwa mtoto, usiku, kwa sauti kubwa, ili fisi ajue kwamba mtu huyu amesoma. Wazazi wangu wamepita miaka 70. Niliona haya kulala Nairobi mahali penye choo cha ndani huku Baba akitembea hatua 60 kwenda na 60 kurudi, na tochi mkononi, mwezi wa Julai.

Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Sababu ya kweli iko Kayole.

Nilipofika Nairobi kutafuta kazi nilipanga chumba kwenye ploti ya vyumba 12 vilivyotumia choo kimoja. Ufunguo wa choo ulining'inia kwenye msumari mlangoni kwa mama aliyesimamia ploti, nao ulifungwa kwenye kipande cha mbao kirefu kama mwiko wa ugali wa shule ya bweni, ili asiwepo mtu wa kuusahau mfukoni. Basi kwenda chooni kulikuwa tangazo. Unavuka uani umebeba mbao, na kila anayefua nguo anajua. Unarudisha mbao, na yule mama anakutazama: "Leo ni mara ya tatu. Ulikula wapi?" Siku niliyokutana mara ya kwanza na msichana mgeni wa chumba namba saba, ambaye leo ni mama wa watoto wangu, nilitaka kumpa mkono. Mkono ulikuwa na mbao. Nilihamishia mbao mkono wa kushoto, nikamsalimia, naye akaniambia kwa upole: "Nenda kwanza. Tutasalimiana ukirudi."

Baadaye nilipata bedsita, choo kikiwa ndani. Nilidhani nimefika Kanaani. Lakini mlango wa choo cha bedsita ni ubao mwembamba, na kati ya aliye chooni na mgeni aliyeketi kitandani hapana hata mita mbili. Ukuta wa pili ulikuwa redio. Mtu akiinuka kwenda chooni, mwenzake aliongeza sauti bila kuambiwa. Jirani zetu walijua afya zetu kwa kipimo cha taarifa ya habari: ikivuma saa kumi alfajiri, wanajua kuna aliyekula samosa za stendi.

Mtu aliyepitia hayo akisoma bango la nyumba inayouzwa, "vyumba vinne, vyote ensuiti", haoni choo. Anaona heshima. Watanzania wamefupisha zaidi. Chumba chenye choo chake wanakiita masta, basi, kana kwamba hicho ndicho kinachomfanya mtu kuwa bwana. Nami niliapa kwamba nikijenga kwetu, Baba atakuwa masta.

Pesa zilitosha bafu moja la ndani. Nililiweka pale mabango yote ya Nairobi yanaposema liwekwe. Ramani nilichora mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, na katika miezi minane ya mjengo hakuna aliyeniuliza, si fundi, si Mama, si dada yangu, swali ambalo mtoto wa Kiirua angejiuliza kabla ya kuchimba msingi: wewe utaingiaje?

Maana kwetu kijana akishapashwa tohara habaki na wazazi chini ya paa moja. Zamani alihamia gaaru, nyumba kubwa ya vijana wapiganaji, akaishi huko na rika lake. Gaaru zimekwisha, lakini kila boma bado lina kinyumba cha mbao pembeni, cha mvulana aliyepona. Kwa mama yake ataingia, atakula, atacheka. Chumba ambamo wazazi wanalala hakikanyagi. Kikiwaka moto atachota maji, atapiga mayowe, lakini atakayeingia kuokoa godoro ni dada yake. Mimi nina miaka 44, nina kitambi na mkopo, na mkopo wenyewe nilikuwa nimeuchukua kujenga choo nisichoruhusiwa kukiona. Mke wangu, kwa kuwa ni mkaza mwana, naye haruhusiwi. Wajukuu ndio wenye uhuru huko, ila shangazi yao alishawaambia kwamba choo kile humeza watoto wasiomaliza uji.

Nililigundua hilo siku ya kuzindua nyumba. Dada yangu aliwaongoza wageni kwenda kuona maajabu, nami nikiwa mbele kama mwenye mali, miguu ikakwama penye mlango wa chumba kama ng'ombe aliyeona josho. Nikajifanya nimepigiwa simu.

Kwa hiyo sikuona kwa macho, nilisimuliwa. Mzee wa kanisa alikuwa akiombea kila chumba. Aliombea sebule, akaombea jikoni, akaombea vitanda. Alipofika kwenye mlango wa ensuiti akasimama, akafikiri, akauliza kama na hapo. Mama akasema na hapo. Akaomba kwa ufupi, macho wazi. Baada yake waliingia kina mama wa chama, wanne wanne, na kila kundi lilitaka kuona maji yakizunguka. Mimi nilikuwa sebuleni nikipiga hesabu: kila ukiflashi lita tisa zimekwenda, maji ya mradi hufunguliwa Jumanne na Ijumaa, siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kufikia saa nane mchana tangi letu lilikuwa karibu kupiga mwangwi, na wageni waliobaki waliletewa soda badala ya chai. Choo cha faragha cha wazazi wangu kilikuwa kimetembelewa na watu wengi kuliko zahanati siku ya chanjo, na hakuna hata mmoja aliyekitumia.

Usiku ndio ulioharibu mambo.

Dari nilikuwa nimeiahirisha hadi mkopo wa pili. Wanaojenga wanajua: bila dari, kuta za vyumba huishia pale paa linapoanza kupanda, na juu yake ni mabati na hewa moja kwa nyumba nzima. Anayekohoa chumba cha kwanza anaombewa afya na wa chumba cha tatu. Na chumba cha tatu usiku huo walilala wakwe zangu, baba na mama wa mke wangu, waliopanda matatu kutoka Embu kuja kutuheshimu.

Hapa lazima nieleze habari ya kikohozi. Choo chetu cha nje hakijawahi kuwa na komeo. Kina mlango wa mabati uliofungwa kwa kamba ya katani, na kwa maisha yangu yote kilicholinda heshima ya aliyemo ni kikohozi. Ukikaribia, unakohoa. Aliyemo naye anakohoa. Kikohozi kimoja kifupi: kuna mtu. Viwili: namalizia. Kimya: pita. Kila mtu nyumbani ana kikohozi chake, na ukishakisikia unageuka na kwenda kuangalia ng'ombe, hata kama hamna ng'ombe, na mkikutana baadaye hamjaonana. Hakuna nyumba ya mawe niliyowahi kuishi iliyonificha vizuri kuliko makubaliano hayo.

Usiku ule, saa nane hivi, nikiwa kwenye kinyumba changu cha mbao, upepo ukiwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu uhuru, nilimsikia Baba akikohoa. Ndani ya nyumba. Mzee alikuwa ameingia kwenye ensuiti yake, ndani ya chumba chake, mwenzake wa pekee akiwa mkewe aliyelala, na bado alikohoa, maana mwili umezoea. Kikohozi kikapanda juu ya ukuta, kikagonga mabati, kikashuka vyumba vyote. Kukafuata mambo ambayo sitayaandika. Kisha akaflashi, na bomba la tangi, lililofungwa kwa misumari kwenye mbao za paa, likatetemesha nyumba kama lori la mchanga linalopanda Naari kwa gia ya kwanza. Mbwa wa jirani walijibu.

Asubuhi, kwenye chai, baba mkwe wangu, mtu mwenye adabu iliyopitiliza, alisema: "Tumelala vizuri sana. Kimya kabisa."

Neno "kabisa" ndilo lililomuua Baba. Aliweka kikombe chini. Jioni ile nilimwona akichukua tochi yake kwenye msumari, akavaa kofia, akashika njia ya hatua 60. Nilipomfuata na kumsihi, alinijibu bila kugeuka:

"Nimeoa miaka 46. Mama yako hajawahi kunisikia."

Nilikosa la kusema, na hata sasa sina. Sisi tuliotoka kwenye ploti tunadhani faragha ni kuwa na choo karibu, tukifunge, ufunguo wetu peke yetu. Baba alikuwa na faragha ya umbali, na mimi nimemletea choo mpaka masikioni mwa mtu ambaye kwake ndiko alikotaka zaidi aonekane hana tumbo. Wauza nyumba hawasemi hivyo kwenye mabango. Mtu unayelala naye ndiye ensuiti inakufichua kwake, si kukuficha.

Mama yeye hakuwa na neno. Alikitazama kile chumba kwa wiki mbili, kisha akaanza kukihamia kwa njia yake. Kwanza ufagio. Kisha karai. Kisha debe la mafuta ya taa. Niliporudi Pasaka nikaambiwa kwamba sehemu ya shawa ina magunia matatu ya mbegu ya viazi aina ya Shangi. Na kusema haki, alikuwa sahihi. Mbegu ya kiazi ukiiweka gizani inatoa machipukizi marefu meupe yanayokatika ukiyagusa. Ukiiweka juani inanyauka. Inataka mwanga wa kadiri, ndipo inachipua fupi, ngumu, yenye rangi. Dirisha dogo la vioo vya ukungu, nililolinunua ili Baba asionekane akioga, lilitoa mwanga huo huo. Wakulima wa Kibirichia wanajenga vibanda maalumu kupata hali ambayo mimi niliipata kwa vigae vya kutoka nje.

Miezi mitatu ikapita, Baba akanipigia simu. Yeye hupiga mara mbili kwa mwaka, na zote ni za msiba. Nikaketi kwanza.

"Njoo unuse," akasema, akakata.

Nyumba ilinuka. Chumba chao ndicho kilichozidi, harufu ya shimo yenyewe, na Baba alikuwa ameketi nje kwenye kiti chake na utulivu wa mtu aliyeshinda kesi ya ardhi. Alikuwa ameshasema tangu mwanzo kwamba choo hakilali na watu. Fundi wa mabomba niliyempata alikuwa Mkamba, jambo zuri, kwa sababu mtu wa kwetu wa umri wangu angekuwa mtoto wa Baba kwa rika na angesimama mlangoni kama mimi. Aliingia, akatoka, akacheka.

"Hakuna kilichoharibika. Choo kina kiu."

Maelezo yake ni haya. Chini ya kila choo, kila sinki na kila tundu la shawa bomba hupindwa kama herufi S, na katika pindo hilo hubaki maji kidogo. Maji hayo ndiyo kizibo: uchafu unapita, hewa ya shimo hairudi. Nilienda kusoma nikakuta aliyesajili hataza ya pindo hilo kwa ajili ya choo, London mwaka 1775, ni fundi wa saa kutoka Uskoti aitwaye Alexander Cumming. Mskoti alitoka nchi ya mvua. Hakufikiria Kiirua. Choo kisipotumiwa, upepo wetu unakausha lile pindo, kizibo kinakwisha, na shimo linaingia chumbani kusalimia. Yaani choo kilikuwa kinanuka kwa sababu Baba amekataa kukitumia, naye amekataa kukitumia kwa sababu vyoo vya ndani hunuka. Nilimweleza hivyo hivyo, polepole. Akafikiri.

"Kwa hiyo kikitumiwa kinanuka," akasema, "na kisipotumiwa kinanuka."

Dawa ilikuwa rahisi: kila wiki mtu amwage kopo la maji kwenye kila tundu. Kwa kuwa sikuweza kuingia kumwonyesha Mama, nilisimama nje ya lile dirisha dogo kama muuza mayai nikimwelekeza: "La chini, Mama. Lile la pembeni. Hapana, hiyo ni Shangi." Tangu siku hiyo kuna kazi mpya bomani. Jumapili baada ya kanisa ng'ombe wananyweshwa, mbuzi wananyweshwa, halafu Baba anauliza akiwa kitini kwake, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na choo mmekinywesha?"

Nilijaribu kumshinda kwa historia. Alikuwa amesema choo cha ndani ni ujinga wa Wazungu, nami nikamwambia la, ni chetu sisi Waafrika wa Mashariki. Niliwahi kulala Lamu kikazi, kwenye nyumba ya kale ya mawe. Ukitoka njiani unapita daka, unapita kiwanda, unapita misana, na kila hatua unazidi kuingia kwa wenyewe, mpaka ndani kabisa, na huko huko kuna choo cha wenyewe, na birika la maji ya kuogea unayochota kwa kata. Ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. (Nilioga nikiwa nimewapa mgongo. Samaki mmoja hakuacha kunitazama, na mtu aliyelelewa kwa kikohozi hajui samaki anakoholewaje.) Na Gede, karibu na Malindi, nikamwambia Baba, kwenye magofu ambayo James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948, mna vyoo ndani ya nyumba za matajiri, vya karne nyingi kabla ya reli. Ndani ya nyumba, Baba! Weusi, Waislamu, watu wenye heshima zao!

Baba alisikiliza vizuri. Historia anaipenda.

"Hao watu wa Gede," akauliza, "wako wapi sasa?"

"Walihama. Mji uliachwa. Miaka kama 400 iliyopita."

"Unaona," akasema Baba.

Basi nikakaa kimya. Lakini jambo lenyewe lilinikera, kwa sababu hata ndovu wa kwetu wamefikiriwa kuliko mimi. Tangu mwaka 2011 wana njia yao chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, wanaposafiri kati ya Mlima Kenya na Lewa; wanapita chini, magari juu, hakuna anayemtazama mwenzake. Ndovu mzima amejengewa upenyo wa faragha. Mimi, mwenye risiti za vigae, bado nashika kamba ya katani.

Ndipo Aprili iliyopita mvua, mara hii, ikaamua kufika Kiirua ikiwa haijachoka. Njia ya choo ikawa utelezi. Usiku wa kwanza nilitoka na simu kama tochi, nikateleza kwenye hatua ya 37, nikafika chooni kwa makalio, simu ikatangulia. Ilisimama ukingoni mwa shimo, inawaka, kama mtu anayefikiria maisha yake. Niliikamata. Lakini asubuhi, nikikwangua matope kiunoni, kuna kitu ndani yangu kilikuwa kimekatika.

Siku hiyo Baba na Mama walikwenda Naari kwenye mahari ya jamaa. Mke wangu na watoto walikuwa Embu. Dada yangu kwake. Nyumba nzima, mimi na paka. Nilizunguka mara tatu. Nikajiambia: nimelipa. Nikajiambia: nani ataona? Nikavua viatu, sijui kwa nini, nikapita kando ya kitanda cha wazazi wangu nikiwa nimefumba jicho la upande huo, nikaingia kwenye ensuiti, nikapiga komeo.

Ilikuwa nzuri. Niseme tu ukweli. Vigae vya bluu vilivyowekwa sawa, kioo, ndoano ya taulo. Nilihamisha magunia ya viazi mpaka juu ya choo ili nipate pa kusimama, nikawasha shawa ya umeme, na maji ya moto yakanishukia kichwani, maji ya moto Kiirua, nikajipaka sabuni kuanzia utosini mpaka nyayo nikiimba wimbo wa shule ya Jumapili. Hapo stima ikapotea. Maji yakageuka ya mlima. Nikafunga bomba kwa mayowe, na katika ukimya uliofuata, povu likiwa machoni, nikasikia injini ya gari ikizimwa uani na Mama akimshukuru dereva kwa kuwahi kurudi kabla barabara haijaharibika zaidi.

Nilisimama. Kufungua maji nisingeweza. Mmejua habari ya bomba letu. Dirisha lina vyuma, niliviagiza mwenyewe. Nguo zangu nilikuwa nimeziacha, zimekunjwa kwa adabu, kwenye kiti kando ya kitanda cha wazazi wangu.

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Nyayo za Baba, nzito, buti zenye matope. Zikaja hadi kati ya chumba, zikasimama. Nadhani alikuwa akitazama kile kiti. Povu lilianza kukauka na kunibana ngozi. Mbegu ya Shangi moja ikaanguka kutoka kwenye gunia, ikagonga kigae, ikabingirika polepole, ikafika mlangoni, ikatulia.

Kisha Baba akakohoa. Kimoja, kifupi, cha kuuliza.

Nifanye nini? Miaka 44 mwili umejifunza jambo moja. Nikakohoa. Kimoja, kifupi.

Kukawa kimya kwa muda ambao mtu anaweza kusali Baba Yetu mara mbili. Halafu buti zikageuka, mlango ukafungwa taratibu, na nikamsikia jikoni akimwambia Mama kwa sauti kubwa kupita kiasi, "Twende tumwangalie yule ng'ombe."

"Ng'ombe yupi?" akauliza Mama. "Ana nini?"

"Twende!"

Nilitoka mbio, nguo kifuani, povu likinidondoka kwenye simiti ya sebule. Nilijisuuzia kwenye pipa la mvua nyuma ya kinyumba changu. Jioni tulikula githeri pamoja, tukazungumza bei ya vitunguu. Baba aliniuliza barabara ya Nanyuki ikoje. Nikamwambia ni nzuri. Hakuna aliyemsikia mtu.

Wiki mbili baadaye, nikiwa Nairobi, akanipigia. Nikaketi.

"Kuna mbuzi wa kununua," akasema.

Sikuuliza wa nini. Kwetu mtu aliyekanyaga pasipokanyagwa anajua hesabu yake, na wazee wa Njuri Ncheke kule Nchiru wamewatoza watu zaidi ya hapo kwa makosa madogo. Nilituma pesa kwa M-Pesa kabla hajamaliza salamu, nikaongeza za kutolea.

Jioni Mama akanipigia kunijulisha kwamba mbuzi amefika, ni dume, ana afya, ila atachinjwa Jumamosi kwa sababu ya mvua.

"Na kibanda cha mbuzi si kilianguka?" nikamuuliza. "Amelala wapi?"

Mama alinyamaza kidogo. Kwa mbali, kwenye mwangwi niliousikia wazi kuwa wa vigae, kitu kililia meee.

"Usijali," akasema. "Tumemtolea viazi."